King'ora kinalia usiku, gari haliwaki asubuhi

Kwetu Raskazone, hapa Tanga, upepo wa bahari hauna adabu. Unakula mabati, unakula bawaba za milango, na ukiusahau unakula nyaya za gari kimyakimya. Ndiyo maana masika iliyopita, king'ora nilichokifunga mwenyewe kwenye Corolla yangu kilipoanza kulia saa tisa za usiku, lawama zote niliitupia bahari. Usiku wa kwanza nilitoka na panga. Wa pili nilitoka na tochi. Wa tatu sikutoka kabisa, nilinyoosha mkono dirishani, nikabonyeza rimoti, nikarudi kulala. Asubuhi jirani yangu alikuwa ananingoja barazani kwake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanangu, hilo gari lako lina jini?"

Nikamwambia halina jini, ni unyevu tu umeingia.

"Basi lifute," akasema, akaingia ndani.

Siku ya nne gari halikuwaka. Stata ilitoa "tik" moja, taa za dashibodi zikafifia, kimya. Nikalisukuma na vijana wawili wa baiskeli waliokuwa wanapita, likawaka, na siku iliyofuata mambo yakawa yaleyale.

Bahari haikuwa na kosa lolote. Kulikuwa na waya mmoja niliouunga mahali pasipo pake, na kelele za usiku na ububu wa asubuhi vilikuwa ugonjwa mmoja. Tangu hapo, mtu akiniletea gari lenye king'ora chenye wazimu, swali langu la kwanza ni hili: ni kitu gani kiliongezwa kabla wazimu haujaanza? Jibu huwa lipo. Aliongeza honi mbili, au amplifaya, au taa za chini ya bampa, au chaja ya simu isiyochomolewa. Kiwanda kiliuacha umeme wa gari umetulia. Tunaouchokoza ni sisi, na king'ora ni wa kwanza kulalamika kwa sababu ndicho kifaa pekee kinachokesha.

Anza na betri, hata kama una hakika nayo

Usifungue dashibodi kabla hujapima betri. Mita ya kawaida ya kidijitali inatosha, iweke kwenye volti za moja kwa moja (DC), upande wa 20. Gari liwe limelala usiku kucha. Fungua boneti, funga milango, ngoja taa ya ndani izime, ndipo uguse vichwa vya betri kwa zile nyaya mbili za mita.

Ukipata 12.6 au zaidi, betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. Ukiona 12.0 au chini ya hapo, imebaki robo au pungufu, na mengi ya hayo unayomlaumia fundi wa alamu yanaanzia hapo. Kama umetoka kuendesha sasa hivi namba itakudanganya, itakuonyesha zaidi ya 13 na betri ni mgonjwa. Washa taa kubwa dakika mbili, zima, ngoja kidogo, pima tena.

Kisha washa injini. Namba ipande mpaka kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki palepale pa 12 na ushee, altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwa imewaka, haichaji. Kaangalie mkanda wake na plagi yake, king'ora kitasubiri. Ikivuka 15, kidhibiti cha altaneta kimekufa na betri inapikwa: utasikia harufu ya mayai viza, na maji yatakauka upesi. Hapo usisogeze sigara wala kiberiti. Betri inayochemka inatoa hidrojeni, na hidrojeni haihitaji zaidi ya cheche.

Kipimo cha tatu watu wengi hukiruka. Mwambie mtu azungushe ufunguo wakati wewe unaitazama mita. Stata ikivuta, volti zitashuka hadi 10 na kidogo, hilo ni la kawaida. Zikianguka chini ya 9.5, ama betri imezeeka ama vichwa vyake vina uchafu. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota pale kwenye vichwa unaondoka kwa maji ya moto na magadi ya kuokea mikate. Mwagia, utasikia unavyochemka, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha, kaza, halafu paka vaselini juu. Hapa kwetu kazi hiyo ni ya kila baada ya miezi michache, si ya mwaka mara moja.

Na maji ya kuongeza yawe yale maji safi ya betri yanayouzwa chupani, si asidi, wala si ya kisima. Visima vyetu vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi inaua bamba za risasi zilizomo ndani.

Ukitaka kuitoa betri, fungua hasi kwanza na uirudishe mwisho. Ukianza na chanya, spana ikaponyoka ikagusa bodi, utaona mwenyewe jinsi chuma kinavyoyeyuka. Vua na pete.

Kinalia na hakuna mtu

Kabla ya kugusa bisibisi, kaa siku mbili uandike saa kinapolia. Naona watu wanacheka nikiwaambia hivi, lakini saa inasema zaidi kuliko mita.

Kinalia ndani ya dakika moja mbili baada ya kufunga gari? Tazama feni ya rejeta. Alamu nyingi za bei nafuu zina hila ya kuhisi volti zikishuka ghafla: mlango ukifunguliwa taa ya ndani inawaka, volti zinashuka kidogo, alamu inajua kuna mtu. Sasa gari likiwa la moto, kuna magari ambayo feni yake inawaka yenyewe hata baada ya injini kuzimwa. Alamu haijui feni ni nini, inaona volti zimeshuka, inapiga kelele. Kijitabu cha alamu hueleza jinsi ya kuizima hila hiyo, au kuichelewesha ianze baada ya feni kumaliza.

Kinalia lori likipita, au embe likidondoka? Hiyo ni hisi ya mtikiso. Ni kijisanduku kidogo chenye kitufe cha kuzungushwa kwa bisibisi. Kirudishe nyuma kidogo kidogo, kila mara pigapiga dirisha kwa kiganja ujaribu. Kisha angalia kilivyofungwa. Nimekikuta kimening'inia kwa waya wake chini ya usukani, kinagonga kila kitu, na mwenye gari amebadilisha king'ora mara mbili. Kifungwe kwenye chuma kwa skrubu. Paka akiruka juu ya boneti ni suala jingine, hilo sina dawa yake.

Kinalia alfajiri, na hasa baada ya usiku wa umande au mvua? Shemeji yangu ana Hiace inayolala Sahare, karibu kabisa na maji. Ilikuwa inalia saa kumi, saa kumi na nusu, kamwe si kabla ya hapo. Kwenye kona ya boneti kuna swichi ndogo, kidude chenye kijiti na springi: boneti ikifungwa inakikandamiza, ikifunguliwa kijiti kinaruka na kuugusisha waya wa alamu kwenye athi, yaani bodi ya gari iliyoungwa na hasi ya betri. Niliing'oa ile ya Hiace. Mpira wake ulikuwa umepasuka, na ndani, pale springi inapokaa, palikuwa na ute wa kijani uliokauka kama makamasi ya mtoto. Ukiwa mkavu haupitishi kitu. Umande ukitua juu yake ile chumvi inalowa, umeme unavuja kidogo kwenda athi, na alamu inaamini boneti imefunguliwa. Nilisafisha, ikatulia siku tano, ikarudi. Usihangaike kusafisha, weka swichi mpya, ipakie grisi kabla ya kuirudisha, na uisogeze mbali na njia ya maji kama nafasi ipo. Swichi za milango zina ugonjwa huohuo, ila kwa kasi ndogo.

Kinalia chenyewe hata ukichomoa betri ya gari? Basi kina betri yake ndani. Ving'ora vya namna hiyo huwa na tundu dogo la ufunguo ubavuni. Vimetengenezwa vilie mwizi akikata umeme, na ile betri ya ndani ikichoka baada ya miaka vinaanza kulia ovyo. Kizime kwa ufunguo wake. Kama ufunguo ulipotea siku ileile ya kufungwa, kama ilivyo desturi, itabidi ukifungue au ukitupe.

Na kama kinalia usiku wa manane, kwa saa isiyo na mpangilio, na kila siku kinawahi zaidi kuliko jana, betri inaisha. Betri dhaifu haiwezi kubeba hata mzigo mdogo bila volti kuyumba, na zikiyumba ile hila ya kuhisi volti inafyatuka. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wangu. Ilibaki kujua betri inanyonywa na nani.

Betri inanyonywa, lakini ukipima huoni kitu

Jinsi ya kupima unyonyaji ni rahisi kueleza na rahisi kukosea. Zima kila kitu. Fungua waya wa hasi wa betri. Hamisha waya mwekundu wa mita uingie kwenye tundu la ampea 10, geuza kitasa kwenye ampea, kisha mita ikae katikati: ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, ncha nyingine kwenye ule waya uliofungua. Sasa umeme wote wa gari unapita ndani ya mita. Usithubutu kuzungusha ufunguo wa stata hapo. Stata inavuta zaidi ya ampea mia, na fyuzi ya mita itakwenda kabla hujasema "ah".

Gari la zamani linakupa jibu palepale. Magari mapya yana kompyuta zinazochelewa kulala, ngoja nusu saa au zaidi. Ukisoma kati ya ampea 0.02 na 0.05, gari ni zima, huo ni umeme wa saa, redio na alamu yenyewe. Ukizidi hapo, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke.

Nilifanya hivyo mara tatu na kila mara nilisoma 0.03. Betri safi, gari safi, na asubuhi haliwaki. Nikaazima betri ya jirani, ikafa pia. Nikaanza kumfikiria jini wa bibi kwa makini zaidi.

Nilichokosea ni kwamba nilikuwa napima gari likiwa halijafungwa kwa alamu. Boneti wazi, mlango wazi na taa ya ndani imezimwa, alamu imelala. Nani hulaza gari namna hiyo? Usiku wa sita nikafunga milango yote, nikakandamiza swichi ya boneti kwa kibanio cha nguo, nikabonyeza rimoti. Mita ikaruka kutoka 0.03 hadi 0.18 na ikabaki hapohapo.

Nikachukua tochi nikaingiza mkono chini ya dashibodi, nikaanza kugusa kila nilichokifunga mimi. Waya, baridi. Kisanduku cha alamu, baridi. Relei ya kukata stata, ile swichi inayoendeshwa na umeme ili mwizi asiwashe gari, ilikuwa na joto, kama yai lililotoka tundani sasa hivi. Relei isiyofanya kazi haina sababu ya kuwa na joto.

Iko hivi. Relei ya kukata stata ina vijiti vitano, kila kimoja na namba yake. Waya wa stata unakatwa, ncha moja inakwenda 30, nyingine 87a, ile inayoshikana relei ikiwa imepumzika. Koili, ile sumaku ya umeme inayoivuta swichi, iko kati ya 85 na 86. Ile 85 inakwenda kwenye waya wa alamu unaotoa athi gari likiwa limefungwa. Na 86 inatakiwa ichukue moto, yaani umeme wa chanya, unaopatikana ufunguo ukiwashwa tu. Hapo mwizi akizungusha ufunguo ndipo koili inavuta na stata inakatika. Asipozungusha, koili imelala, haili kitu. Mimi nilichukua moto wa kudumu kwa sababu ndio uliokuwa karibu na mkono wangu. Kila nikibonyeza rimoti koili iliamka na kukesha mpaka asubuhi, ikinywa ampea 0.15.

Ni kidogo? Zidisha kwa saa 24 upate ampea-saa 3.6. Betri yangu ilikuwa NS40, ndogo tangu dukani, na ujana wake ulishapita. Safari yangu ya kila siku ni Raskazone hadi Ngamiani na kurudi, altaneta haipati hata muda wa kurudisha kilichonyonywa. Jumamosi na Jumapili gari halitoki. Jumatatu limekufa.

Nilihamisha waya mmoja. Mita ikashuka 0.03 gari likiwa limefungwa, na relei ikapoa.

Kwa hiyo pima mara mbili, alamu ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kazi uliyoifanya wewe au fundi wako. Kwa kulinganisha, balbu ya wati 5 iliyosahaulika kwenye buti inavuta kama ampea 0.4, yaani karibu ampea-saa 10 kwa siku moja, na hiyo siku mbili zinatosha kuilaza betri ya kawaida. Funga buti ukiwa umeacha simu ndani inarekodi video, utaona kama taa inazima.

Kibuzi cha kukumbusha taa kinaguna peke yake

Hiki kidude cha mlio, kinachokukumbusha kuwa umeacha taa, ni kifaa ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu ni cha bei ya chapati chache na kimeokoa betri nyingi. Unanunua kibuzi cha volti 12. Chanya chake kwenye waya wa taa ndogo za nyuma, hasi yake kwenye waya wa swichi ya mlango wa dereva. Ukiacha taa na kufungua mlango, kinapiga.

Wengi wanafunga hivyo tu, kisha wanalalamika: taa zimezimwa, milango imefungwa, na kibuzi kinaguna kwa mbali kama mbu ndani ya chandarua. Wengine hawasikii kitu ila betri inashuka.

Fuata umeme kwa kidole. Waya wa swichi ya mlango, mlango ukiwa umefungwa, hauko kwenye athi. Umeunganishwa na taa ya ndani, na taa ya ndani ina moto wa kudumu. Basi moto unashuka kupitia balbu hiyo, unafika kwenye hasi ya kibuzi, unapita ndani yake kinyumenyume, unatokea kwenye waya wa taa za nyuma ambazo zimezimwa, na kupitia balbu zake unafika athi. Umetengeneza mzunguko kamili bila kujua, na unaendelea mchana na usiku.

Dawa ni diodi moja, 1N4001 au 1N4007, ile nyeusi yenye mstari mweupe. Ikae kwenye waya wa chanya wa kibuzi, mstari ukielekea kibuzi. Umeme utapita kwenda mbele na utakataa kurudi. Ukiigeuza hutaunguza chochote, kibuzi hakitalia tu, na hapo utajua.

Sauti imekwama, au ni ndogo kuliko ulipokinunua

Kwanza tazama mdomo wa king'ora unaelekea wapi. Ukielekea juu, ni kikombe, na masika itakijaza. Uelekee chini au pembeni, mbali na bomba la moshi.

Ukiwa sawa, pima athi. Watu wanajali sana waya mwekundu na mweusi wanaufunga kwenye skrubu yoyote iliyo karibu, juu ya rangi, juu ya kutu. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye waya mweusi wa king'ora palepale unapoingia. Kilize. Ziba masikio, soma namba. Ikiwa chini ya 0.2, athi ni nzuri. Nimewahi kusoma 3 na zaidi, maana yake king'ora kilikuwa kinapata volti 9 na nyingine zinapotea kwenye kutu. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, tumia kichwa cha waya cha duara na boliti, kaza, paka grisi juu. Fanya kipimo hichohicho upande wa chanya pia.

Kipimo hiki cha athi kinatibu zaidi ya king'ora. Taa zinazofifia ukiweka indiketa, honi inayolia ikiwa imeziba pua, redio inayojizima ukibana breki, zote zianzie hapo.

Kuhusu viungio: kusokota nyaya mbili na kuzungushia tepu nyeusi ni kazi ya siku moja. Joto la huku linalainisha gundi, tepu inafunguka, shaba inabaki uchi, chumvi inafanya iliyozoea. Unga kwa risasi, kisha vika mpira unaosinyaa ukipata moto. Kama huna pasi ya kulehemu, tumia vibanio vya kukandamiza kwa koleo lake, si kwa meno.

Fyuzi inaungua kila mara

Fyuzi ipo kulinda waya, si kifaa. Ikiungua, ama kuna shoti ama umerundika mizigo mingi kwenye njia moja. Honi moja inavuta ampea 3 hadi 5, king'ora kama 2, taa nne za indiketa zinazomweka pamoja karibu 7. Vyote hivyo ukivitundika kwenye waya wa redio wenye fyuzi ya 10, unategemea nini? Vuta waya mpya kutoka betri, wa milimita 1.5 za mraba, weka fyuzi ya 15 isiyozidi kiganja kimoja kutoka kichwa cha betri, na relei kwa ajili ya honi. Ukiweka fyuzi ya 30 mahali pa 15, au karatasi ya fedha ya sigara, waya ndio utakaokuwa fyuzi, na waya unaungua urefu wake wote, ndani ya dashibodi, ukiwa barabara ya Pangani usiku.

Na ukinunua king'ora chenye sauti sita, ile ya polisi na ya gari la wagonjwa zikatae. Ving'ora vya namna hiyo ni vya magari ya dharura.

Injini inazimika ukiwa mwendoni

Simama. Relei ya kukata imefungwa kwenye moto wa injini au pampu ya mafuta badala ya stata. Volti za alamu zikiyumba, au kiungio kikilegea kwenye rasta, injini inakufa na usukani unakuwa mzito, labda kwenye mteremko wenye lori nyuma yako. Mafundi wengine wanapenda kukata pampu kwa sababu mwizi haendi mbali. Mimi siifungi hivyo kwa mtu yeyote, hata akisisitiza. Hamishia kwenye waya mwembamba wa stata, ule unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, si ule mnene wa betri, na tumia 87a ili relei ikifa gari bado liwake.

Umeongeza betri ya pili na sasa zinakufa zote mbili

Wenye magari ya muziki wa harusini wanalijua hili. Betri ya pili iliwekwa ili ile ya kwanza ibaki na nguvu ya stata, na asubuhi zote mbili zina 11.5.

Relei inayoziunganisha haiachii. Gari likiwa limezimwa, pima volti za kila betri, kisha washa spika kwenye ile ya pili kwa dakika tano na upime tena. Zikishuka zote pamoja, bado zimeungana. Chomoa waya wa koili ya relei: ikisema "klak" na betri zikaachana, koili ilikuwa inachukua moto wa kudumu badala ya moto wa ufunguo, kosa langu lilelile kwa sura nyingine. Isiposema kitu na betri zikabaki zimeungana, ncha za ndani zimeyeyuka zikagandana kwa sababu relei ilikuwa ndogo. Betri iliyoisha ikikutana na iliyojaa umeme unapita kwa kishindo, na relei ya honi ya ampea 30 haina ubavu huo. Tafuta ile kubwa ya ampea 100 na zaidi.

Ule waya mnene unaotoka betri moja hadi nyingine unahitaji fyuzi mbili, moja kila upande. Kila mwisho una betri yake. Waya ukichubuka katikati, chini ya zulia, ukagusa bodi, moto unakuja kutoka pande zote mbili, na fyuzi moja ya mbele haiwezi kuizuia betri ya nyuma. Kama hiyo ya nyuma ni ya maji na iko ndani ya gari na abiria, itie kwenye sanduku lenye mpira wa kutolea hewa nje, na uifunge kwa mkanda wa chuma uliovikwa mpira, isije ikapinduka kwenye kona za Pongwe.

Corolla yangu sasa inalala nje bila neno. Juzi nilimkuta bibi anaanua nguo, akaliangalia gari, akaniangalia mimi.

"Ulilifuta?"

"Nilihamisha waya mmoja, bibi."

"Mmoja tu," akasema, "na sisi tukakesha wiki nzima."